Kichwa cha Mize Mikononi mwa Mwosha

Kila alfajiri, Mize akiwa bado usingizini, mama yake Mgeni alinyata hadi kitandani, akauinamia mto na kuokota nywele. Aliziokota moja moja, akazivingirisha, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kuokota nywele zilizoanguka hakukuwa jambo geni Bagamoyo. Hakuna mama aliyeacha nywele za bintiye zikazagaa uani, mkono wa mtu asiyejulikana ukazichukua kwenda kuzifanyia mambo. Zote zilizikwa chini ya mgomba. Lakini miaka yote zilikuwa zile za kwenye chanuo tu, kidogo kiasi cha kuziba tundu la sikio. Sasa kila kukicha Mgeni alikuwa akizika kibonge kikubwa kama ndimu.

Mize ndiye aliyebaki. Watatu waliomtangulia walizikwa wadogo, hata jino la pili hawakuota. Kwa hiyo Mgeni alimchunga binti huyu kama mtu anayevuka na taa kwenye upepo. Akikohoa, mama anakohoa. Akinyamaza, mama anauliza kuna nini. Na sasa Mize alikuwa na miaka kumi na saba, amechumbiwa na Majaliwa, kijana wa ukoo wa Mwinjuma, na harusi ilipangwa katikati ya mwezi wa Shaabani. Rajabu ilikuwa imekwisha kuandama.

Ukoo ule ulikuwa na ada yake. Siku saba kabla ya harusi, wanawake wa upande wa bwana harusi huja kumfumua bibi harusi nywele zake mbele ya kina mama wote, wakamwosha kichwa, kisha somo yake, yaani kungwi wake, akamsuka upya. Ndipo wajue wanachukua mtoto wa aina gani. Mgeni aliwahi kusikia, hakumbuki kwa nani, kwamba zamani msichana mmoja kutoka Vigwaza alifumuliwa akakutwa na kichwa kibovu, na harusi yake ikaahirishwa mpaka ikasahauliwa. Huenda ni uongo. Lakini ulikuwa umemwingia, na haukutoka.

Kichwa cha Mize kilikuwa kibovu. Utosini na nyuma ya masikio ngozi ilijaa mafuta ambayo hayakupakwa na mtu, na juu ya mafuta hayo palikuwa na ukoko wa rangi ya manjano, kama ule unaobaki chini ya sufuria ya wali. Akijikuna, magamba yanamwagika mabegani. Panja zilikuwa zimeanza kuonekana ngozi.

Mgeni aliona magamba akadhani ni ukavu. Mama gani anamwacha binti yake na kichwa kikavu, watu waseme nyumbani kwao hata nazi haikunwi? Akampaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Akamsuka msuko wa ukili, wa kubana sana, ili magamba yasionekane, na akauacha wiki tano bila kuufumua. Ilipozidi, akamkamulia ndimu, Mize akalia machozi. Akamkwangua kwa ncha ya chanuo, vikatoka vidonda. Akarudi kwenye mafuta.

"Mama," Mize alisema siku moja, "ukinipaka tena nitawaka kama kandili."

"Nyamaza. Unataka wakwe wakuone na kichwa cha vumbi?"

"Si afadhali vumbi? Vumbi halinuki."

Mgeni alinusa. Ilikuwa kweli, mafuta yalikwisha chacha.

Katika siku hizo alikufa Bi Sabah, mama mzee wa duka la nguo, na Mgeni akaitwa kusaidia kumimina maji ya kuoshea. Hapo ndipo alipomtazama Mwanamkasi vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa walikuwa mtaa mmoja kwa miaka kumi na mitano.

Mwanamkasi ndiye aliyekuwa mwosha wa wanawake wote wa upande ule wa mji. Alizaliwa Mkange, akaolewa Bagamoyo na mkata boriti aliyemwacha mjane mapema, akalelewa katika kazi hiyo na shangazi wa mumewe. Alikuwa mtu wa kucheka, mtafuna tambuu, hodari wa kupika mchuzi wa papa. Lakini watoto walipomwona na ndoo yake ya bati walikimbia. Wanawake walimsalimu vizuri, wakamwuliza habari za wanawe walioko Saadani, kisha wakavuta vichanga vyao upande wa pili. Harusi ikiwapo, hakuna aliyemkataza kuja. Ila sahani yake ya pilau ililetwa nyumbani kwake mapema, imefunikwa kawa, kabla hajajiandaa kutoka, naye akaelewa, akala.

Yaliyomo chumba cha kuoshea hayasimuliwi nje, na Mgeni hakuyasimulia hata kwa mumewe. Lakini macho hayana kufuli. Aliona Mwanamkasi akipiga majani ya mkunazi yaliyotwangwa ndani ya maji mpaka povu likainuka jeupe. Aliona akitia vidole katika kichwa cha marehemu, kwa nyama za ncha tu, kucha zake zikiwa zimekatwa mpaka mwisho, akizungusha polepole kama mtu anayemwamsha mtoto. Kilichokuwa kimeganda miezi mingi ya ugonjwa kililainika, kikaondoka na maji. Kisha akachana. Chanuo lilipita kama halikugusa. Nywele nne zilizotoka alizihesabu, akaziweka pembeni zirudishwe kwenye sanda, maana kila kilicho cha mtu huenda naye.

Mgeni alisimama na kata mkononi, akawaza: laiti mikono hii ingemgusa Mize. Mara akashtuka. Astaghafirullah! Mtoto wake ni bibi harusi. Akamimina maji mengine haraka hata yakamwagikia miguuni.

Alikaa na wazo hilo siku tatu. Siku ya nne alikwenda.

"Hodi!"

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, Mgeni. Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mwanamkasi alitokeza kichwa mlangoni, akamwangalia juu mpaka chini. "Wanaokuja kwangu hupiga hodi za mbio. Yako imekuja inajikwaa. Hakuna aliyekufa, basi. Ingia, kaa. Kuna nini?"

Mgeni aliuma kanga. Maneno yalitoka vipande vipande: mba, ukoko, mto, ndimu, wakwe, siku saba. Mwanamkasi alisikiliza bila kumkatiza, isipokuwa aliposikia habari ya chanuo. Hapo aligeuza uso.

"Umemkwangua?"

"Nilidhani..."

"Mimi nachana watu wasioweza kusema 'aa'. Sijamkwangua hata mmoja. Wewe una mtoto anayelia, na bado unakwangua?" Alisema bila ukali, kama anayesikitikia sufuria iliyoungua. "Na mafuta unampaka kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Basi unaulisha ugonjwa. Kichwa kile kina mafuta yake, hakikukuomba mengine. Mwosheni."

"Dada, ndicho kilichonileta. Nilitaka wewe..." Mgeni alishindwa kumaliza.

Mwanamkasi aliacha kutafuna. Akatema tambuu uani, akasukutua kinywa. "Bibi harusi," alisema. "Umefikiri watu watasema nini?"

"Hawatajua. Njoo Jumatano, saa nne, wanaume wako shamba. Pita njia ya nyuma. Na tafadhali, dada, usije na ile ndoo."

Siku hiyo ya Jumatano Mgeni alijiona mwerevu. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akateremsha pazia la dirisha, akamketisha Mize uani kwenye kibao. Mwanamkasi aliingia kwa nyuma, hana ndoo, ila kichwani amejitwika furushi kubwa la majani ya mkunazi, mabichi, yakining'inia pande zote.

"Dada! Umepita nayo hivyo barabarani?"

"Uliniambia niache ndoo. Hukuniambia niache majani. Ulitaka nimwoshe kwa dua?"

Mize alicheka. Alikuwa hajawahi kukaa karibu na mwosha, na mama aliona anavyomtazama pembeni mikono ile. Mwanamkasi naye aliona. Aliinyoosha mbele yake. "Iangalie kwanza. Ishike. Ina baridi?"

"Haina," Mize alisema. "Ina harufu ya karafuu."

"Ndiyo tambuu yangu hiyo. Haya, inama."

Alianza kufumua. Alilegeza msuko mmoja mmoja kutoka chini, bila kuvuta, na kazi hiyo peke yake ilichukua muda wa kupika maharage. Palipoganda sana alipaka tone la mafuta ya nazi yenye vuguvugu. "Haya ni ya kulainisha, kisha yote yanatoka. Si ya kulala nayo." Alitwanga majani, akayapiga ndani ya beseni, povu likapanda. Akalitia kichwani, akasugua kwa nyama za vidole, duara ndogo ndogo, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Ukoko ukaanza kuachia. Mize alifumba macho.

"Panauma?" Mgeni aliuliza kila baada ya pumzi mbili.

"Hapaumi, mama."

"Na hapo?"

"Mama, niache nisikie raha."

Ndipo Mgeni alipotazama beseni. Nywele zilikuwa zinaelea, nyingi, mafungu kwa mafungu, zimejikunja kama mwani. Vibonge vyote alivyokuwa akivizika havikufika nusu ya hizi.

"Basi! Basi, dada, acha! Unammaliza mwanangu!"

Mwanamkasi hakusimamisha mikono. "Njoo hapa. Hizi hazikutoka leo. Zilianguka zamani, moja leo, tatu kesho, zikashikwa na msuko wako na yale mafuta. Wiki tano! Zingekwenda wapi? Lete mkono wako. Shika hizi zilizo kichwani, vuta kidogo. Kidogo, nimesema."

Mgeni alivuta. Hazikuja.

"Vuta na hizi."

Hazikuja. Mgeni alikaa chini, mgongo ukutani, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Alikuwa bado anapumua hivyo aliposikia kilio mlango wa mbele.

Jirani yao Ashatu alikuwa kisimani alipomwona mwosha amejitwika mkunazi, akakata kichochoro, akaingia kwa Mgeni. Alirudi kwake na mtungi, akajaribu kupika, akashindwa, akaja akazunguka mbele. Katika mtaa ule mlango wa nyumba haufungwi mchana kweupe ila kwa safari au kwa msiba, na Mgeni hakuwa safarini. Ashatu alitega sikio penye komeo. Alisikia maji yakimiminwa, na sauti ya Mgeni ikisema, "Unammaliza mwanangu." Mengine hakuyasubiri.

"Mize! Jamani, Mize! Mtoto wa watu, kabakiza wiki nne!"

Sauti ya Ashatu ilijulikana mpaka sokoni. Milango ilifunguka, kanga zikafungwa viunoni, wanawake wakajaa barazani wakilia, na hakuna aliyeuliza chochote, maana kuuliza huja baadaye. Mmoja alikimbia kuwaita wanaume shamba. Mwingine alikwishaanza kutandika mikeka. Na habari zilifika kwa Bi Dija, mama yake Majaliwa, aliyekuwa akikoroga unga wa vitumbua.

Bi Dija alikuwa mama mnene, mwenye mwendo wa taratibu na maneno ya kupima. Siku hiyo alipita mitaa mitatu miguu mitupu, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Hakubisha mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akasukuma ua wa makuti ukaanguka.

"Mwanangu yuko wapi? Nionyesheni mwanangu!"

Mize aliinua kichwa. Povu lilikuwa limemjaa mpaka nyusi, jingine likimning'inia puani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Bi Dija alimfikia, akapiga magoti kwenye tope la maji machafu, akamshika mashavu kwa mikono yake ya unga. Alimgusa mdomo, pua, masikio. Alimgeuza huku na huku. "Marahaba," alisema hatimaye. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Ikawa kama hajui neno jingine.

Nyuma yake wanawake walikuwa wamemiminika uani kwa pengo la ua. Kilio kilikatika katikati. Ashatu alibaki kinywa wazi.

"Kumbe mzima?" alisema, kama anayelalamika.

"Ulitaka afe ili usipoteze machozi yako?" Mwanamkasi alimjibu.

Mgeni alivua kanga yake ya juu, akairusha kichwani kwa Mize. Hakuwa akimwogopa Ashatu wala wengine. Alimwogopa Bi Dija, aliyekuwa karibu hivyo, na mwanga wa saa sita kasoro, na panja zile wazi, na vidonda vya chanuo. Lakini Bi Dija alimshika mkono, akaiondoa kanga. Alitazama. Alitazama kila mahali, bila haraka, jinsi ambavyo wangetazama siku ile ya ada.

"Mkwe," Mgeni alisema, "nilitaka kukuambia. Nilitaka apone kwanza. Kosa ni langu, si la mtoto. Mkisema harusi isubiri..."

"Isubiri nini?"

"Nywele."

Bi Dija alikaa kitako palepale kwenye tope. "Mgeni binti Pazi. Mimi nimetoka kwangu mbio, najua nimekwisha mkosa. Njia nzima nawaza nitamwambia Majaliwa maneno gani. Nafika, namkuta anapumua, ananiamkia. Na wewe unataka kunisimulia nywele?" Akavuta mtandio wake mwenyewe, akauangusha mabegani. Kutoka paji la uso mpaka juu ya masikio hapakuwa na kitu. Palikuwa laini kama sahani. "Mama yangu alinibana ukili tangu nina miaka sita; siku ya ada zilikuwapo bado, baadaye zikaisha. Tazama. Ukoo mzima wa Mwinjuma haujawahi kuniona hivi, hata mume wangu gizani."

Wanawake waliguna. Mmoja alicheka, akajiziba mdomo, na hapo Bi Dija mwenyewe akaangua kicheko, tumbo likamtikisika, na ua mzima ukacheka, wengine machozi ya msiba yakiwa hayajakauka.

Alipotulia, alimgeukia Mwanamkasi, uso umebadilika. "Lakini wewe, bibi. Mkunazi? Kwa bibi harusi wangu?"

Hilo ndilo kila mtu alilokuwa akilifikiri.

"Mti ni mti," Mwanamkasi alisema. "Kunazi zake hamzili? Bi Sabah, Mungu amrehemu, aliniambia kwa wazee wake Maskati msichana huoshwa kwa majani haya tangu ananyonya. Ni sisi tu tunaongoja mtu afe ndipo tumwoshe vizuri." Alisukuma beseni pembeni kwa mguu. "Kafuri sikuja nayo. Ile ni ya wale waliotangulia. Huyu nimemletea marashi ya waridi ya kumalizia. Ukitaka niondoke, naondoka, ila povu likikauka litamwasha."

Bi Dija alifikiri. Unga ulikuwa umeanza kukauka mikononi mwake na kupasuka. Kisha akachukua kata. "Nimimine wapi?"

"Anzia kisogoni. Taratibu. Mpaka maji yatoke meupe."

Kichwa cha namna ile hakiponi kwa siku moja. Mwanamkasi alikuja kila baada ya siku mbili, kwa mlango wa mbele, akimwosha, akimtia mafuta kidogo kwenye ncha za nywele tu, akimwacha na mabutu manne yaliyolegea. Vidonda vilifunga. Ukoko ulipungua ukawa magamba membamba, kisha vumbi tu. Nywele ziliendelea kutoka, lakini chache, na kwenye panja pakaota vinywele vifupi ambavyo Mgeni alivikagua kila siku kwenye mwanga wa dirisha mpaka Mize akamtishia kumtoza kiingilio. Siku ya ada wanawake wa Mwinjuma walikuja, wakakuta hakuna cha kufumua; mtaa mzima ulikwisha kuona. Wakala vitumbua, wakaimba. Bi Dija alimtuma mtu amlete Mwanamkasi aketi mkekani karibu na Mize, na sahani yake ikapakuliwa pamoja na za wengine. Mama mmoja alisogea mbali naye kidogo. Mwingine alimpa mtoto wake amshikie, aende kunawa.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Mize akahamia kwa mumewe, katika nyumba ya Bi Dija, mitaa mitatu mbali.

Jumatano iliyofuata, saa nne, Mgeni alishindwa kukaa. Alichuma mkunazi, akautwanga, akaufunga kwenye kitambaa, akaenda mbio. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno: maji yasiwe moto, kucha zikatwe, chanuo lenye meno mapana, na akisema panauma, acha hapohapo.

Alipoingia uani aliwakuta wameanza. Mize ameinama juu ya beseni, Bi Dija amesimama juu yake, mikono ya nguo imekunjwa, povu limetapakaa mpaka kwenye kuku. Alikuwa anasugua kwa duara kubwa mno. Maji alimimina mengi kwa mara moja, yakamwingia Mize sikioni, naye akapiga kelele na kucheka.

Vidole vya Mgeni vilimwasha. Alifungua kinywa.

"Karibu, mkwe," Bi Dija alisema bila kugeuka. "Kiti kile pale. Leo zimetoka saba tu, nimezihesabu, nimezizika."

Mgeni alitazama kichwa cha mwanawe, kisha mikono ile minene iliyokuwa ikijifunza. Aliuweka mkunazi wake kwenye dirisha la jiko. Akavuta kiti, akaketi.